Wali na Maharage: Jinsi ya Kutambua Nomino za Kiingereza Zinazohesabika na Zisizohesabika

Sahani ya wali na maharage inatosha kufungulia somo hili. Kwa Kiingereza chakula hicho huitwa "rice and beans", na anayesikiliza kwa makini hugundua kwamba neno la pili limebeba herufi "s" ya wingi ilhali la kwanza limebaki vilevile, ingawa punje za wali katika sahani hiyo ni nyingi kuliko za maharage. Mtu anaweza kudhani kwamba sababu ni udogo wa punje, yaani kilicho kidogo mno hakihesabiwi, lakini dhana hiyo huanguka mara tu tunapofika kwenye mahindi. Punje ya hindi haipishani sana kwa ukubwa na punje ya haragwe, na sisi husema hindi moja, mahindi mawili, gunia la mahindi. Kiingereza kwa upande wake husema "maize" tu, na mwanafunzi akiandika "maizes" kwenye mtihani atakosa alama. Kinachoamua, basi, si kitu chenyewe, bali ni namna lugha ilivyozoea kukitazama. Kiingereza huyaona maharage moja moja, na mahindi huyaona kama lundo.

Nomino ambazo lugha huziona moja moja huitwa nomino zinazohesabika, na zile inazoziona kama lundo, au kama kitu kisicho na mipaka, huitwa nomino zisizohesabika. Nomino inayohesabika hukubali mambo matatu: neno "a" au "an" mbele yake katika umoja, "s" au badiliko jingine katika wingi, na namba. Nomino isiyohesabika hukataa yote matatu, na kitenzi kinachoifuata hubaki katika umoja. Kanuni yenyewe ni fupi hivyo. Kinachomsumbua mzungumzaji wa Kiswahili ni kundi dogo la maneno ya ofisini, safarini na shuleni ambayo Kiswahili huyahesabu na Kiingereza hakiyahesabu, na mwongozo huu umeandikwa hasa kwa ajili ya maneno hayo.

Kipimo tunacho tayari

Somo hili hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni jambo geni kabisa kwetu, na naamini hapo ndipo makosa huanzia. Kiswahili kinao mgawanyo huu. Hatuuoni kwa sababu tunapotaja wingi wa kitu tunatumia mzizi mmoja tu: watu wengi, vitabu vingi, maji mengi, sukari nyingi. Mzizi "-ingi" haujali kama kitu kinahesabika, na ndiyo maana "much" na "many" hutuchanganya. Lakini tunaposhuka kwenye uchache, lugha yetu hugawanyika yenyewe. Mgeni mwenye kiu huomba maji kidogo, haombi maji machache. Mwenye shughuli akipungukiwa na viti huazima viti vichache kwa jirani, na akiomba viti vidogo ataletewa vigoda. Katika kuuliza ni vivyo hivyo: viti vingapi, watu wangapi, lakini sukari kiasi gani, muda kiasi gani. Na muuza duka akiuliza "Sukari ngapi?", yeye na mteja wake wanajua kwamba zinazohesabiwa ni kilo au pakiti, kipimo kimemezwa tu katika usemi.

Basi tumia kipimo hicho. Kabla ya kuandika nomino ya Kiingereza, itamke kwanza kwa Kiswahili pamoja na uchache wake. Ikiwa ulimi wako umesema "kidogo" kwa maana ya kiasi, Kiingereza kwa kawaida kitataka "much", "little" na "how much". Ikiwa umesema "-chache", kitataka "many", "few" na "how many". Muda kidogo ni "a little time", siku chache ni "a few days". Fedha kidogo ni "a little money", na swali lake ni "How much money?", lakini shilingi chache ni "a few shillings", na swali lake ni "How many shillings?". Hapo ndipo inapoeleweka kwa nini "money" huingia katika kundi la zisizohesabika ingawa watu hushinda wakihesabu fedha: wanazozihesabu ni shilingi, noti na sarafu.

Waliosoma sarufi katika shule za Kenya wana msaada wa ziada, kwa kuwa wamekwisha kuzitenga ngeli zisizobadilika katika umoja na wingi. Ngeli ya I-I ina sukari, chumvi na amani. U-U ina unga na wema. YA-YA ina maji, mafuta na maziwa. Nomino hizo karibu zote huhamia moja kwa moja katika kundi la Kiingereza la zisizohesabika: "sugar", "salt", "peace", "flour", "kindness", "water", "oil", "milk". Tahadhari ni moja tu, nayo ni kwamba maji na maziwa katika Kiswahili huvaa sura ya wingi, tukasema maji haya na maziwa yamechacha, na sura hiyo humvuta mwanafunzi aandike "the water are cold". Kiingereza husema "the water is cold", yawe ya kikombe au ya ziwa zima.

Neno "a" lililo mbele ya "little" na "few" linastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa maana huigeuza sentensi. Mtu anayesema "I have a few friends in Mombasa" anao marafiki wachache huko, na anafurahi kwamba wapo. Anayesema "I have few friends in Mombasa" analalamika kwamba marafiki zake si wengi. "We have a little flour" maana yake ni kwamba unga upo kidogo na pengine ugali utapikika, lakini "we have little flour" inatangaza upungufu. Kiswahili hupitisha tofauti hii kwa kukanusha, "hatuna unga wa kutosha", na ukiona kwamba unachotaka kusema ni ukanushaji wa namna hiyo, liondoe "a".

Mgawanyo huohuo unaendelea katika "less" na "fewer": "less sugar" lakini "fewer chairs". Hapa hata wenye lugha huteleza. Nchini Uingereza maduka ya Tesco yalikuwa na vibao vya "10 items or less" kwenye madirisha ya malipo ya haraka, na kwa kuwa "items" huhesabika, watu walilalamika kwamba ilipaswa kuwa "fewer". Mwaka 2008 kampuni hiyo iliamua kuandika "Up to 10 items", maneno yasiyohitaji hili wala lile. Hata hivyo fedha, umbali na muda huchukua "less" hata vikiwa na namba, kama katika "less than five thousand shillings", kwa sababu kiasi chote huonwa kuwa kitu kimoja, kama sisi tunavyosema "elfu tano inatosha" bila kufikiria shilingi moja moja.

Barua ya maombi ya kazi

Kipimo cha uchache kina mipaka, na mipaka yake niliiona vizuri katika barua ya maombi ya kazi aliyoniletea kijana mmoja wa mtaani kwetu ili niipitie kabla hajaituma. Sentensi mbili za katikati zilisomeka hivi: "I have five years experiences in office works and I can use all the equipments. I will be happy to receive your advices and more informations." Nilipiga mstari chini ya maneno matano. Aliyatazama kwa muda, kisha akauliza, "Lakini, Mwalimu, vifaa si vingi? Na taarifa ninazoomba si zaidi ya moja?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Kwa Kiswahili tunasema vifaa vichache na taarifa chache, kwa hiyo kipimo nilichokieleza hapo juu kingempeleka palepale alipokosea. Nilimjibu kwa mfano wa shehena. Lori likibeba magunia, masanduku na mapipa, vyote kwa pamoja ni shehena, na hakuna anayelinyanyua gunia moja akaliita shehena moja. Neno "equipment" ni la aina hiyo. Halitaji kifaa, bali linataja jumla ya vifaa, viwe viwili au mia mbili, na jumla hiyo ni moja. Maneno ya namna hii ndiyo yanayotuangusha zaidi: "furniture" ni jumla ya meza, viti na makabati, "luggage" na "baggage" ni jumla ya mizigo ya msafiri, "machinery" ni jumla ya mashine, "jewellery" ni jumla ya vito na mapambo ya dhahabu na fedha, "clothing" ni jumla ya mavazi. Ndani ya kila jumla kuna vitu vyenye majina yanayohesabika, na anayetaka kuhesabu na ahesabu hivyo: "three bags", "six chairs", "two machines".

Nimesoma "luggages" kwenye tiketi za basi na "furnitures" kwenye vibao vya mafundi seremala kando ya barabara, na sioni sababu ya kumcheka aliyeandika. Maneno hayo hutumika sana katika Kiingereza cha Afrika na cha Asia, kila mtu huyaelewa, na huenda siku moja yakakubaliwa kila mahali. Lakini leo hii msahihishaji wa mtihani huyakata, na ofisa anayechambua barua mia za maombi huweza kuitupa barua kwa kosa la namna hiyo, kwa hiyo nadhani ni haki ya kijana kujua kabla hajatuma.

"Information" na "advice" hufuata mkondo huohuo ingawa si vitu vya kushikika. "Information" ni shehena ya taarifa. Ukiomba nyingi, ni "more information" au "a lot of information". "Advice" ni rahisi zaidi kwetu kuliko tunavyodhani, kwa maana "ushauri" pia hauna wingi katika Kiswahili. Kosa la kuandika "an advice" hutokana na kusahau kwamba neno "a" ndilo "moja" iliyofupishwa. Katika kundi hili weka pia "evidence", yaani ushahidi, "research", yaani utafiti, ambao sisi siku hizi tunaupa wingi wa tafiti, "progress", yaani maendeleo, "homework", na "traffic". Hili la mwisho linahitaji uangalifu, kwa sababu sisi husema foleni mbili, na anayetaka kuzihesabu foleni kwa Kiingereza atumie "two traffic jams", huku "traffic" yenyewe ikibaki bila "s": "There was a lot of traffic this morning."

Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda waliosoma Kifaransa kabla ya Kiingereza huvutwa kutoka pande mbili. Kifaransa nacho huyahesabu maneno hayo: husema "des informations", "des conseils", "des bagages", "des meubles". Kiswahili na Kifaransa vikikubaliana dhidi ya Kiingereza, mazoea huwa na nguvu sana, na kwa wasomaji hao orodha ya maneno haya ni ya kuandikwa na kubandikwa ukutani.

Maneno mawili ya barua ile yalikuwa na kisa tofauti, kwa maana "works" na "experiences" yapo katika Kiingereza, ila yana maana nyingine. "Work" bila "s" ni kazi kwa jumla. "Works" ni kazi za ujenzi, kama katika "Ministry of Works", au kazi za msanii na mwandishi, kama katika "the works of Shaaban Robert". Anayetaka kuhesabu kazi ya ajira atumie "job": "I have a job", "She has two jobs". "Experience" bila "s" ni uzoefu, na "experiences" ni mambo yaliyomfika mtu maishani. Mwombaji kazi anayeandika "many experiences" anamwambia mwajiri kwamba amepatwa na mengi, jambo ambalo huenda ni kweli lakini si alilokusudia. Barua ikatoka hivi: "I have five years' experience in office work and I can use all the equipment. I would be happy to receive your advice and more information."

Kuhesabu kisichohesabika

Kila lugha ina vyombo vya kukata lundo vipande. Sisi tuna punje ya mchele, tone la maji, funda la chai, mche wa sabuni, fungu la nyanya. Kiingereza kina "a grain of rice", "a drop of water", "a bar of soap", "a sheet of paper", "a slice of bread", na kwa mkate mzima "a loaf of bread". Anayetaka mikate miwili asiombe "two breads", bali "two loaves of bread", au dukani "two loaves" tu. Angalia kwamba wingi umekaa kwenye kipimo wala si kwenye kinachopimwa, sawasawa na sisi tunavyosema punje mbili za mchele, si punje mbili za michele.

Kwa maneno yale ya jumla kipimo kinachofaa karibu kila mahali ni "a piece of": "a piece of furniture", "a piece of luggage", "a piece of equipment", "a piece of information", "a piece of advice", "a piece of news". Mwanafunzi akilishika hili moja ataokoka na makosa mengi. "Work" pia hukubali "a piece of work", lakini anayezungumzia kazi kadhaa alizopewa ofisini au shuleni atumie "tasks" au "assignments".

Kwenye mgahawa kanuni hulegea. Sisi humwambia mhudumu, "Chai mbili, moja ya maziwa," au "Tuletee maji mawili," na kila mtu anajua kwamba ni vikombe na chupa. Waingereza hufanya hivyohivyo: "Two teas and a coffee, please" ni usemi sahihi mezani. Katika maandishi rudi kwenye "two cups of tea".

Neno moja lenye maana mbili

Sehemu hii ndiyo inayonipendeza kuliko zote, kwa kuwa uwepo wa "a" hubadilisha kitu kinachozungumzwa. Abiria akichungulia mlangoni mwa basi na kuuliza "Is there room?", anauliza kama kuna nafasi, akiuliza "Is there a room?", anatafuta chumba, na swali hilo ni la hotelini. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Light" ni mwanga, "a light" ni taa. "Paper" ni karatasi kwa jumla, lakini "a paper" huweza kuwa gazeti, mtihani au makala ya kitaaluma, kwa hiyo mwanafunzi anayeomba karatasi moja ya kuandikia aseme "a sheet of paper" au "a piece of paper". "Time" ni muda na "times" ni mara: "I don't have much time", lakini "I have told you many times."

Kuku anayetembea uani huhesabika, "two chickens", lakini nyama yake sahanini haihesabiki, "some chicken". Anayesema "I ate a chicken" ameeleza kwamba alimmaliza kuku mzima. Nywele nazo husumbua kwa sababu Kiswahili kina unywele mmoja na nywele nyingi. Nywele zote za kichwani kwa Kiingereza ni "hair", nazo hufuatwa na "is": "Her hair is long." Ule unywele mmoja ulioonekana kwenye supu ndio "a hair". Mvua kwa kawaida ni "rain" na haihesabiki, lakini misimu ya mvua ya kwetu imepata jina la wingi: masika huitwa "the long rains" na vuli "the short rains".

Nguo zinahitaji maelezo yao. "Clothes" ina wingi tu, haina umoja. "A cloth" si nguo moja bali ni kitambaa, mara nyingi cha kufutia meza. Aliyenunua nguo moja na aitaje kwa jina lake, "a dress" au "a shirt", au aseme "a piece of clothing". Kinyume chake ni "news", ambayo ina "s" lakini huchukua kitenzi cha umoja, "The news is good", kama ilivyo "mathematics". Na "police" na "cattle" hazina "s" lakini huchukua kitenzi cha wingi: "The police are here", "The cattle are in the field". Polisi wawili ni "two police officers", na ng'ombe kumi, kwa lugha ya wafugaji, ni "ten head of cattle".

Namna ya kujifunza maneno haya

Kamusi za wanaojifunza Kiingereza hutia alama ya "C" mbele ya nomino zinazohesabika na "U" mbele ya zisizohesabika, na neno lenye alama zote mbili lina maana mbili za kusomwa. Utaratibu huo ni wa zamani: A. S. Hornby, Mwingereza aliyekuwa akifundisha nchini Japani, aliutumia pamoja na wenzake katika kamusi yao iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942, kwa kuwa waliona wanafunzi wa Kijapani, ambao lugha yao haina "s" ya wingi, wakihangaika na jambo hilihili. Kamusi ya kawaida ya Kiingereza na Kiswahili mara nyingi haina alama hizo, na kwa somo hili haitoshi.

Katika daftari lako usiandike neno peke yake. Ukiandika "advice, ushauri", umejifunza maana lakini hukujifunza matumizi. Andika "some advice", "a piece of advice", "much advice", ili neno likae kichwani pamoja na wenzake. Kwa maneno yanayohesabika, andika umoja wenye "a" na wingi wenye namba: "a suggestion, two suggestions". Panga kurasa kwa mahali maneno yanapotumika: ukurasa wa ofisi, wa safari, wa jikoni, wa shule. Ukurasa wa jikoni utakuonyesha mengi kwa mara moja, kwa maana "rice", "maize", "flour" na "meat" zitakaa upande mmoja, na "beans", "peas", "onions" na "vegetables" upande wa pili, huku "fruit" ikikaa katikati: husemwa "some fruit" kwa matunda ya kula kwa jumla, na "fruits" pale aina zinapotajwa moja moja.

Ukifika kwenye "knowledge", yaani maarifa, andika sentensi mbili, kwa sababu neno hili halina wingi lakini huweza kutanguliwa na "a" likiwa na sifa mbele yake. "She has a good knowledge of Arabic" ni sahihi. "Knowledges" si sahihi. Kijana wa ile barua aliliuliza neno hilo wiki iliyofuata, baada ya kulikuta kwenye tangazo la kazi likiwa na "a", na nilimwonyesha kwenye kamusi alama ya "U" pamoja na mfano ulioandikwa chini yake.